Butembo: pikapu ya samaki iliyokosa nguvu kwenye mlima wa Kyondo

Samaki wa Kyavinyonge hangoji mtu. Anatoka ziwa Edward alfajiri, ananunuliwa palepale ufukweni, anapangwa ndani ya vikapu na kufunikwa majani mabichi, na kabla jua halijapata nguvu lazima gari iwe imeanza kupanda kuelekea Kyondo na Butembo. Barafu ni kidogo na bei yake si ya kila mchuuzi. Kwa hiyo friji ya wamama wa samaki ni mwendo wa gari. Gari ikifika sokoni mchana, samaki ni mbichi na bei ni ya mbichi. Ikifika usiku, bei ni ya huruma.

Dereva ambaye habari yake inasimuliwa hapa ameomba jina lake lisitajwe, kwa sababu mke wake anaweza kusoma. Sababu ya woga huo itaonekana mbele. Amefanya barabara hiyo kwa miaka saba, kwanza akiendesha gari ya mtu, kisha yake mwenyewe. Pikapu yake ni Toyota Hilux ya mazutu, yenye tirbo, iliyotoka Dubai ikiwa tayari imetumika. Aliinunua kwa zamu yake ya likirimba, akaongeza feza za shemeji yake. Na deni la shemeji, kila mtu anajua, halina karatasi lakini lina macho.

Shida ilianza siku ya soko, gari ikiwa na vikapu kumi na saba na wamama watano juu yake. Kutoka ziwani, ambako ni mita 900 na kidogo juu ya bahari, barabara inapanda karibu kilometa moja nzima kwenda juu mpaka kwenye nyanda za Kyondo, ambako asubuhi watu huvaa makoti. Katikati ya mlima, vitesi ya pili, dereva alikanyaga pedali mpaka chini na moteri haikujibu. Haikuzima. Haikupiga kelele mbaya. Ilikataa tu, kama mtu aliyeambiwa abebe mzigo akakaa chini. Taa ya moteri, ile ya rangi ya chungwa, ikawaka. Gari ikaenda kwa mwendo wa mbuzi, kisha ikasimama. Kijana wake wa gari akaruka na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu.

Dereva alizima moteri, akangoja robo saa, akawasha. Gari ikapanda kama haijawahi kuugua. Wamama wakapiga makofi. Baada ya dakika ishirini ikarudia. Ikawa hivyo mara sita. Walifika Butembo saa mbili usiku, soko limefungwa, na harufu ilikuwa imefika mbele yao.

Wamama hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Yule mkubwa wao, anayefanya biashara hiyo tangu dereva akiwa mtoto wa shule, alimwambia tu: «Papa, gari ni yako. Lakini samaki ilikuwa ya likirimba yetu.» Wakakubaliana palepale, bila polisi wala chifu, kwamba dereva atalipa nusu ya hasara, kidogo kidogo. Juma lililofuata vikapu vyao vilikuwa juu ya gari nyingine.

Fundi wa kwanza ni kijana, mwepesi, na mwenye simu nzuri. Alichomeka kidude kidogo chini ya usukani, kile kinachozungumza na simu bila waya, na baada ya dakika mbili akasoma: P0087. Dereva aliona herufi na namba zile akafurahi. Alidhani ugonjwa umepata jina.

Hapa inafaa kueleza, kwa sababu wenye magari wengi mjini wanalipa feza kwa namba wasizozielewa. Herufi P inahusu moteri na giaboksi. Herufi nyingine zipo pia: B ya bodi, C ya breki na mambo ya chini ya gari, U ya mawasiliano kati ya kompyuta na kompyuta. Sifuri inayofuata maana yake ni kwamba namba hiyo ni ya watengenezaji wote. Ingekuwa 1, mara nyingi ingekuwa namba ya kiwanda chenyewe. Lugha hii ya pamoja ililazimishwa Marekani kwa magari ya mwaka 1996, Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya esanse na 2004 kwa ya mazutu. Ndiyo maana simu ya kijana wa Butembo inaweza kusoma gari iliyoundwa Asia na kuuzwa Dubai.

Na P0087 inasema nini? Inasema kwamba presha ya mazutu ndani ya rampi iko chini kuliko inavyotakiwa. Rampi ni lile bomba nene la chuma juu ya moteri, ambamo pompa inasukuma mazutu kwa nguvu kubwa kabla injekteri hazijayanyunyiza ndani. Gari ikiwa imesimama na moteri inanguruma polepole, presha ndani yake ni kama baa 300. Ikipanda na mzigo, inapita 1,000. Kwenye ncha ya rampi kuna kapteri, yaani kipimo kidogo cha umeme kinachoiambia kompyuta presha ni ngapi.

Fundi kijana aliunganisha maneno mawili, «presha» na «rampi», akatamka hukumu: kapteri ya rampi imekufa. Alipata nyingine iliyotumika, akaifunga, akabadilisha na filtri ya mazutu «kwa usalama», akafuta namba kwa simu. Dola 90 zote pamoja. Dereva alizunguka mjini siku mbili bila mzigo. Gari ilikuwa nzuri sana.

Bila shaka ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri hata kabla ya kapteri mpya, mradi isipande mlima na vikapu kumi na saba. Siku ya tatu, kwenye mlima uleule, karibu na mahali palepale, taa ikawaka. Safari hii wamama walikuwa wawili tu, jamaa zake mwenyewe, waliokuja kwa kumhurumia. Nao walipoteza.

Fundi wa pili alikuwa na garaji yenye ukuta na kompyuta ya kweli, si simu. Alikuta namba mbili: P0087 imerudi, na pembeni yake P0299, inayosema tirbo haitoi presha ya kutosha. Alicheka aliposikia habari ya kapteri ya rampi. Akasema shida ni upande wa hewa. Aliwasha kontakti bila kuwasha moteri, akaangalia kapteri ya presha ya tirbo, ikaonyesha kilopaskali 82. «Unaona? Kitabu kinasema 101. Kapteri hii inadanganya.»

Kapteri nyingine ikaagizwa Kampala, ikaja na basi. Ikafungwa. Ikaonyesha 82. Fundi akakaa kimya kidogo, kisha akasema na hii nayo ni mbovu, siku hizi vitu vya bandia vimejaa. Na kama si kapteri, basi ni tirbo lenyewe. Tirbo iliyotumika: dola 650, kazi pembeni.

Dereva alirudi nyumbani kwa mguu. Kwa hesabu yake, tangu siku ya kwanza, alikuwa amepoteza safari kumi na moja. Shemeji alikuwa ameanza kupiga simu usiku kuuliza habari za watoto, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Mtu mmoja alikuwa tayari kununua Hilux ile kama ilivyo, kwa bei ya kuokota. Rafiki mwingine, dereva wa lori, alimshauri achomoe kapteri zote «gari isahau ugonjwa», ushauri ambao husikika kila parkingi na ambao hufanya gari iende bila macho. Kwa siku tatu alikuwa kati ya kuuza na kukopa.

Aliyemtoa hapo ni yule mama mkubwa wa samaki. Hakumwita kwa huruma. Alimwita kudai sehemu ya deni la juma. Akiwa anahesabu franka alimuuliza gari imefikia wapi, akasikia habari za dola 650, akasema: «Kuna mzee mmoja alikuwa anatengeneza malori ya kahawa. Anauliza maswali mengi, inachosha. Lakini nenda.»

Mzee yule hana ukuta. Ana mwembe, meza ya mbao na vijana wawili wanaojifunza. Kabla ya kufungua kofia ya gari aliomba dola 10. Dereva aliuliza ni za nini. «Za kuuliza,» akajibu mzee. «Wenzangu wanakuuzia kitu, kwa hiyo kuuliza ni bure. Mimi sina cha kukuuzia.» Dereva nusura aondoke. Dola 10 za maneno! Lakini mtu aliyekwisha kulipa karibu 200 kwa vitu viwili visivyosaidia hana tena kiburi kikubwa. Akalipa.

Na hapa ndipo ugonjwa wa mji wote ulipo, si wa gari moja. Fundi analipwa kwa kubadilisha. Hakuna anayemlipa kwa kutafuta. Mteja mwenyewe hukasirika akiambiwa «nimeangalia saa tatu, sijabadilisha kitu». Kwa hiyo fundi mwenye njaa husoma namba, hukimbilia kitu kilichotajwa karibu na namba, na hubadilisha. Kijana wa simu si mwizi. Alifanya kile ambacho soko linalipa.

Maswali ya mzee yalikuwa haya. Gari inakosa nguvu ikiwa baridi au imepata moto? Zote mbili, ikiwa na mzigo mlimani. Tupu je? Haikosi. Ukizima ukangoja? Inapona. Inapona muda gani? Dakika kumi na tano, ishirini. Ikirudi kuugua, inaanza ghafla au polepole? Polepole kidogo, kisha ghafla. Na moshi?

Dereva hakuelewa swali la moshi. Mzee akaeleza. Moteri ya mazutu inakula vitu viwili, hewa na mazutu. Ikikosa hewa huku mazutu yanaendelea kuja, mazutu hayaungui yote, na nyuma ya gari moshi ni mweusi. Ndivyo ilivyo tuyo ya tirbo ikipasuka au filtri ya hewa ikijaa vumbi. Lakini ikikosa mazutu, hakuna cha kutoa moshi. Inafifia tu, safi, kama jiko linaloishiwa makaa. Kijana wa gari, ambaye kazi yake kila siku ni kukaa nyuma na kumeza chochote kinachotoka, ndiye aliyejibu: hakuna moshi. Hakuna kabisa.

Mzee alitikisa kichwa, akamwomba mmoja wa wanafunzi wake alete kidude na simu. Naye anatumia simu. Anaitumia tu kama mtu wa mwisho kuulizwa. Alionyesha mambo mawili ambayo hakuna aliyemwonyesha dereva kabla.

La kwanza, kompyuta ya gari inapoandika kosa huweka pia picha ya hali ilivyokuwa wakati ule: mizunguko ya moteri, mzigo, joto, mwendo. Fundi wa kwanza aliifuta picha hiyo alipofuta namba, ndiyo sababu mzee huwakataza vijana wake kufuta kabla ya kuandika kwenye daftari. Picha iliyokuwepo sasa ilikuwa ya P0087, mizunguko 2,800, mzigo karibu wote. Si gari iliyosimama, si gari mjini: gari mlimani, imeshiba.

La pili lilihusu ile kapteri ya tirbo. Mzee aliwasha kontakti, ikaonyesha 82, akacheka mpaka akakohoa. Kipimo hicho, moteri ikiwa imezimwa, kinapima hewa ya nje tu, ile tunayoivuta. Hewa hupungua uzito jinsi unavyopanda. Ingekuwa Muanda, kwenye bahari yetu, ingeonyesha karibu 101, kama kitabu kinavyosema. Lakini Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu, na hapa hewa yenyewe ni kama 82. Kwa hiyo kapteri ya zamani ilisema ukweli, na ile ya Kampala ilisema ukweli uleule. «Mashahidi wawili hawajuani, wamesema neno moja, na nyinyi mnawafunga wote,» alisema. «Mjumbe hauawi.»

Vivyo hivyo kwa kapteri ya rampi. Kama ingekuwa yenyewe mbovu, au waya wake umekatika, kompyuta kwa kawaida ingeandika namba nyingine: P0192 au P0193, zinazosema umeme wa kapteri hiyo uko chini au juu kupita kiasi. P0087 inasema kapteri inafanya kazi na imeona presha imeshuka. Ni tofauti kati ya saa iliyoharibika na saa inayokuambia umechelewa.

Baada ya hapo walipakia magunia kumi ya mchanga na kwenda kwenye mlima mmoja nje ya mji, barabara ya Kyondo. Mwanafunzi mmoja alikaa mbele na simu, akisoma kwa sauti mistari miwili: presha ya rampi ambayo kompyuta inaomba, na ile inayopatikana. Mwanzoni mistari ilifuatana kama watu wa harusi. Inaomba 1,200, inapata 1,190. Inaomba 1,300, inapata 1,250. Kisha 1,000. Kisha 700, na pedali iko chini. Taa ikawaka. Presha ya tirbo nayo ikashuka, lakini ikashuka baadaye, na mzee alitaka dereva aone hilo kwa macho yake. Tirbo linazungushwa na moshi unaotoka ndani ya moteri. Mazutu yakiwa kidogo, moto ni kidogo, moshi ni dhaifu, na tirbo halizunguki inavyotakiwa. P0299 ilikuwa mtoto wa P0087. Dola 650 zilikuwa zinaenda kumtibu mtoto kwa ugonjwa wa mama yake.

Sasa shida ilikuwa imebanwa katika njia moja: kutoka tangi mpaka pompa ya juu. Katika Hilux hii hakuna pompa ya umeme ndani ya tangi; ile ya kwenye moteri inayavuta mazutu yenyewe, kama mtu anayekunywa kwa mrija. Kama mrija una tundu, hautadondosha tone, utavuta hewa. Mzee alifunga kipande cha tuyo inayoonyesha ndani kati ya filtri na pompa, wakaangalia kama kuna mapovu. Hakuna. Filtri ilikuwa mpya.

Jaribio la mwisho halikugharimu hata franka moja. Alichukua bidoni safi ya manjano, akaijaza mazutu aliyoyachuja na kuyaacha yatulie, akaifunga karibu na batri kwa mipira ya gurudumu la baiskeli, mbali na chuma chenye moto, na akachomeka tuyo ya pompa ndani yake badala ya ile inayotoka kwenye tangi. (Aliwaonya vijana: hili halifanywi kamwe na gari ya esanse, na hata ya mazutu halifanywi kwa safari, ni kwa kupima tu.) Wakapanda mlima uleule na mchanga uleule. Inaomba 1,300, inapata 1,290. Inaomba 1,300, inapata 1,300. Wakarudi chini, wakapanda tena. Mara tatu. Dereva anasema mara ya tatu alifungua dirisha na kutoa mkono nje, bila sababu.

Kama gari inapona ikinyweshwa kwenye bidoni, basi ugonjwa uko nyuma, kwenye tangi. Waliishusha jioni ile.

Ndani ya tangi, mwisho wa tuyo inayovuta, kuna kichujio kidogo ambacho mafundi wanakiita krepini. Kilikuwa kimevaa koti. Kulikuwa na matope laini, vipande vya ile ngozi ya karatasi na plastiki inayoziba midomo ya bidoni mpya, na nyuzi. Nyuzi nyingi, ndefu, zimesokotana. Gari ikitembea polepole, mazutu yalipita katikati yake. Ikipanda na mzigo, pompa ilivuta kwa nguvu, takataka zote zikaja kujibandika kwenye krepini na kuziba. Ukizima, hakuna tena kinachovuta, takataka zinaachia na kuzama chini polepole. Robo saa, na gari imepona. Ndiyo ile dawa ya jiwe nyuma ya gurudumu.

Dereva aliinua nyuzi zile kwenye mwanga wa taa. Zilikuwa za kijani. Akazijua.

Kama wengi, yeye hununua mazutu kwa wauzaji wa bidoni barabarani, wale ambao watu huwaita makadafi, kwa sababu ni rahisi na wapo kila mahali. Na kwa kuwa ni mtu mwangalifu, hakuwahi kumwaga bidoni moja ndani ya gari yake bila kuchuja. Alichuja kwa kitambaa. Kitambaa hicho kilikuwa kipande cha kikwembe cha kijani cha mke wake, alichokikuta kamba ya nguo miaka miwili iliyopita akakikata pembeni bila ruhusa. Mke alikitafuta kikwembe hicho mpaka akamshuku jirani. Mazutu yalikuwa yameoza kingo za kitambaa, na kila alipochuja, kitambaa kilizuia mchanga kidogo na kuacha uzi kidogo. Miaka miwili ya uangalifu ilikuwa imejaa ndani ya tangi.

Wanafunzi wa mzee walicheka. Mzee hakucheka. Alisema tu kwamba wenye magari wachafu hawafikirii hata kuchuja, na gari zao anaziona mapema zaidi.

Kuosha tangi, kusafisha krepini, kupuliza tuyo kurudi nyuma na filtri mpya tena, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imekwisha kula uchafu: dola 45, na zile 10 za maswali. Mzee alimrudishia kapteri ya kwanza ya rampi na ile ya kwanza ya tirbo zikiwa zimefungwa kwenye karatasi, akamwambia azitunze, ni nzima. Fundi wa pili, aliposikia, alikubali kurudisha nusu ya bei ya kapteri ya Kampala. Kijana wa simu alikuja mwenyewe chini ya mwembe siku mbili baadaye, akasimama pembeni akiangalia. Sasa anakuja Jumamosi.

Dereva siku hizi anayaacha mazutu yatulie usiku mzima kabla ya kuyamwaga, haondoi yale ya chini ya bidoni, na anatumia mfuniko wenye wavu wa chuma alionunua kwa muuza vitu vya mashine za kusaga. Alinunua pia kidude kama kile cha mafundi. Safari ya kwanza Kyavinyonge, kabla ya vikapu kupakiwa, aliwasha kontakti bila moteri na kuangalia kapteri ya tirbo. Ilionyesha 91. Alimwita kijana wake aje aone, kijana akauliza ni nini. «Ni ziwa,» akasema.

Deni la samaki halijaisha. Limebaki la vikapu vinne. Mama mkubwa hakurudi mara moja na mzigo wote. Siku ile alipakia kikapu kimoja tu, kilichobaki kikaenda na gari nyingine, na yeye mwenyewe akaomba kukaa mbele. Njia nzima ya mlima hakuangalia barabara. Aliangalia pale taa ya rangi ya chungwa inapowakaga, mkono mmoja ukiwa kwenye kishikio cha mlango, mpaka walipofika Kyondo na baridi ikaingia dirishani. Hapo akafunga dirisha, akavuta kikwembe chake mabegani na kusinzia.

Juma lililofuata alipakia vitatu.